Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu

Katika majina makubwa ya sinema ya Uingereza limo moja ambalo masikio ya wengi hulipokea kuwa ni la Kiingereza kitupu, ilhali mzizi wake umo katika bohari za karafuu za Unguja. Jina hilo ni Kingsley. Sir Ben Kingsley, yule aliyemwigiza Gandhi, hakuzaliwa nalo. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943 katika kijiji cha Snainton, Yorkshire, akaitwa Krishna Pandit Bhanji. Jina la pili alijitungia ujanani kutokana na lakabu ya babu yake mzaa baba, mfanyabiashara wa viungo aliyetoka India, akahamia Unguja na kutajirika hata akapewa lakabu ya King Clove, yaani Mfalme wa Karafuu.

Lakabu hiyo haikuwa ndogo katika nchi iliyokuwa na Sultani wake wa damu na, juu yake, Mwingereza mwenye amri. Hao wote wawili walikula kwa karafuu. Tangu Seyyid Said bin Sultan alipoieneza mikarafuu mashambani katika karne ya 19, hapakuwa na nyumba ya fahari Mji Mkongwe ambayo haikudaiwa kitu na zao hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiachia Pemba ukubwa wa mavuno, lakini mizani na madaftari yakabaki mjini. Ufalme wa karafuu basi ulikuwa wa mwenye daftari. Aliyepanda mtini, akashuka na pakacha, akachambua makonyo na kuanika juani, kwanza alikuwa mtumwa, na baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 akawa kibarua wa kulipwa kwa pishi. Huyo hakuitwa mfalme wa chochote.

Mwana wa tajiri huyo, Rahimtulla Harji Bhanji, alizaliwa Kenya na kuishi Unguja hadi alipokuwa na umri wa miaka 14, kisha akapelekwa Uingereza. Huko akasomea udaktari na kumwoa Mwingereza, Anna Lyna Mary Goodman, aliyekuwa mwigizaji na mwanamitindo. Mtoto wao akakulia Pendlebury, karibu na Manchester, mji wa pamba na moshi usio na hata chembe ya bahari ya Hindi. Bahari alibaki nayo jinani tu, na jina lenyewe likamzibia njia.

Ameisimulia hadharani habari hiyo. Katika miaka ya 1960 alikwenda kufanyiwa usaili wa uigizaji akiwa Krishna Bhanji. Akasifiwa sana, kisha akaambiwa kuwa haijulikani hasa atawekwa wapi katika michezo ya msimu ule. Akabadili jina, kwa himizo la baba yake mwenyewe, akaingia mlango mwingine, naye akaulizwa lini ataweza kuanza kazi. Sauti ilikuwa ile ile na uso ule ule. Mhindi wa Unguja alimshauri mwanawe aufiche Uhindi ili apate riziki, na kijana alipotafuta sitara, kitambaa alichokiokota kilikuwa cha babu. Waliomfungulia mlango hawakujua kwamba wamemwingiza mchuuzi wa karafuu.

Mwaka 1967 alijiunga na Royal Shakespeare Company. Mwaka 1970 alikuwa Demetrius katika ule mchezo wa ndoto ya usiku wa kiangazi ulioongozwa na Peter Brook, na mwaka 1975 akawa Hamlet. Ni katika madarasa hayo ya jukwaa, ambako neno likisemwa vibaya hakuna kamera ya kuliokoa, ndiko alikojifunza utulivu uliokuja kuwa silaha yake. Kisha Richard Attenborough akamtafuta kwa ajili ya Gandhi.

Hapo kejeli ya jina ikakamilika. Mtu aliyeliweka kando jina la Kihindi ili aweze kuigiza wafalme wa Shakespeare alipata utukufu wake mkubwa kwa kumwigiza Mhindi, tena Mgujarati kama wazee wake. Filamu ilitoka mwaka 1982, na mwaka uliofuata ikapata tuzo 8 za Oscar, moja ikiwa yake ya mwigizaji bora. Inaanza kwa mauaji ya mwaka 1948, kisha inarudi nyuma hadi mwaka 1893, katika gari moshi la Afrika Kusini ambamo mwanasheria kijana anatupwa nje na mizigo yake. Kilichoachwa ni cha majuma machache tu kabla ya hapo. Meli iliyomchukua Gandhi kutoka Bombay ilipita Lamu na Mombasa, ikafika Unguja, naye akakaa mjini siku nane au kumi akingojea meli nyingine. Alipanga chumba na kutembea katika vichochoro hivi hivi.

Na karafuu hazikuwa mbali na siasa yake. Serikali ya Kiingereza ilipotunga sheria za miaka ya 1930 zilizowaminya wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar katika ununuzi wa karafuu, chama cha Congress kiliwataka watu wa India mwaka 1937 wazisuse karafuu za Zanzibar. India ilikuwa mnunuzi mkubwa, na mgomo huo uliuma hadi suluhu ya mwaka 1938. Mjukuu wa Mfalme wa Karafuu akavaa shuka ya mtu ambaye chama chake kiliwahi kuizuia karafuu isilike.

Tangu hapo amepewa watu wenye amri, na si wema wote: Musa katika filamu ya televisheni ya mwaka 1995, Eichmann mwaka 2018. Umbo lake si kubwa. Lakini katika Sexy Beast ya mwaka 2000, kabla jambazi Don Logan hajaonekana, kutajwa kwa jina lake tu kunawaharibia watu chakula cha usiku. Mamlaka yake yanaonekana kwanza nyusoni mwa wanaomwogopa, naye akifika hana haja ya kuyaongeza.

Hata hivyo, wa pwani wataguswa zaidi na Kanali Behrani wa House of Sand and Fog, mwaka 2003. Ni afisa wa Iran aliyepoteza nchi, ambaye mchana anafanya kibarua cha barabarani Marekani, kisha anaingia msalani hotelini, ananawa, anavaa suti na kurudi nyumbani kama bwana mkubwa. Familia nyingi zilizoondoka Unguja baada ya Januari 1964 zinamjua mtu huyo bila kuhitaji maelezo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kanali huyo hana kwao, na anayemwigiza ni mtoto wa mhamaji, mjukuu wa mhamaji.

Alipewa cheo cha Sir katika orodha ya Mwaka Mpya wa 2002. Miaka 11 baadaye, katika Iron Man 3, aliigiza mtawala wa kutisha mwenye ndevu, pete na sauti nzito, anayeitikisa Marekani kwa televisheni. Katikati ya filamu inafichuka kuwa mtawala huyo hayupo. Aliyekuwa akionekana ni mwigizaji mlevi wa Kiingereza, Trevor Slattery, aliyekodiwa kwa mshahara, akavishwa joho na kufundishwa jina la kujiita. Baadhi ya mashabiki walikasirika, wakaona wamedanganywa. Kingsley mwenyewe anamchezea Slattery kwa furaha isiyofichika, na ameshamrudia zaidi ya mara moja.