Karafuu Yetu na Virusi Sugu

Karafuu yetu ina siri. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walieleza kuwa yujeniini, kemikali itokayo kwenye karafuu, ilizuia virusi vya hepesi ambavyo dawa ya asikloviri haikuviweza tena. Subhanallah! Lakini kemikali hiyo ilichujwa na kupimwa maabara, haikuchemshwa birikani. Nasema hivi kwa sababu mteja wangu mmoja, nikimpima gauni, aliniambia ameacha ARV, anakunywa maji ya karafuu. Moyo ulinienda mbio. VVU si hepesi, na kurukaruka dozi ndiko kunakovipa virusi usugu. Mola ametupa mimea, akatupa na wataalamu. Karafuu tuitie kwenye pilau. Vidonge tumeze kila siku. Uliyeacha, dada, rudi kliniki leo.