Kwa Mashua Katika Visiwa vya Lamu

Wengi wenu hamjafika Lamu, na katika waliofika wengi wameuona mji wenyewe tu, njia zake nyembamba na punda zake, wakarudi kwao. Lakini upande wa mashariki na kaskazini viko visiwa vingine, Manda na Pate na Ndau na Kiwayu, navyo havifikiwi kwa gari. Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, tulikwenda huko sisi wawili, mume na mke, kila mtu na shanta lake mgongoni, kwa mashua ya tanga, muda wa siku tisa. Watoto tuliwaacha kwa bibi yao, naye ni mzee. Kwa hiyo tuliazimu kurudi siku ile ile tuliyomwahidi.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa cha Lamu, na baharia wake ni mpwa wake, kijana wa miaka kumi na saba. Mashua ilikuwa na tanga moja, na farumi yake ni magunia ya mchanga, ambayo yule kijana aliyahamisha upande huu na upande huu kila tulipogeuza. Hata sisi tulikuwa farumi, maana mara nyingi nahodha alituambia, “Mwalimu, keti huku, bibi, sogea kule.”

Kwanza tuliingia katika kijito cha mikoko kisiwani Manda, maji yakiwa yamejaa, tukashuka Takwa. Ni mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Msikiti mkubwa ungaliko, na juu ya kibla chake imesimama nguzo ya mawe. Nje yake liko kaburi lenye nguzo ndefu. Watu wa Shela, ng'ambo ya maji, huja hapa kuomba mvua, kwani husema wazee wao walitoka Takwa. Kwa nini mji uliachwa? Wengi husema visima viligeuka chumvi. Tulikaa kidogo tu, maana maji yakipwa chombo hukwama topeni mpaka yajae tena.

Toka hapo njia ya Pate ni Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nao hupitika vizuri maji yakijaa. Ukitoka Mkanda waona mara mitambo mirefu ya bandari mpya upande wa bara, mahali paitwapo Kililana. Gati ya kwanza ilifunguliwa mwezi wa Mei, mwaka 2021. Ili meli kubwa zipite ilibidi kuchimbua chini ya bahari, na wavuvi walishitaki wakisema matope yameharibu matumbawe na mazalio ya samaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapata 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tulimwuliza nahodha habari hiyo. Hakujibu upesi, akaonyesha kwa mkono mahali alipokuwa akitega madema pamoja na babaye, akasema, “Ndia ya samaki imefungwa.” Watu wa Lamu husema ndia, wala si njia. Sisi twaona kwamba bandari ni kitu cha faida kwa nchi, lakini faida hiyo haijamfikia bado mtu yule aliyeshika usukani wetu.

Kisiwani Pate tulilala siku tatu, na hapo ndipo tungependa kukaa zaidi. Siyu ulikuwa mji wa wanachuoni na mafundi wa ngozi, waandishi wa misahafu kwa mkono. Ngome yake ingaliko penye kijito. Seyyid Said wa Unguja alipeleka majeshi yake mara kadha wa kadha, na mwaka 1845 watu wa Siyu waliyashinda. Mkuu wao alikuwa Bwana Mataka, na mkewe ndiye Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akimfundisha mwendo wa mke nyumbani. Mwenyeji wetu, mzee wa Kiislamu aliyetupokea kwa mkate wa mofa na samaki wa nazi, alijua beti nyingi kwa moyo, akatusomea baada ya chakula. Mmoja wetu alisikiliza kwa furaha nyingi. Mwenziwe akauliza ni nani aliyetunga utenzi wa mwendo wa mume. Mzee akacheka hata akafuta machozi.

Si mbali na Siyu ni magofu ya Shanga. Wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mark Horton, walifukua hapo kuanzia mwaka 1980, wakaona msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Wako wasemao kwamba jina Shanga latokana na Shanghai, sisi hatukusadiki.

Kwenda Kiwayu kulikuwa kwepesi, maana kusi ilitusukuma kwa nyuma. Kiwayu ni kisiwa chembamba chenye vilima vya mchanga, nacho kimo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyowekwa mwaka 1979. Lakini mwenda na kusi hurudi kwa kubisha. Upepo ulizidi, na penye mlango wa bahari kuu mawimbi yalikuwa meupe. Nahodha akakataa kutweka. Siku ya kwanza tukangoja. Siku ya pili pia. Zimebaki siku mbili za ahadi yetu. Ikapita mashua ya mashine iendayo Kizingitini, imejaa watu na magunia mpaka ubavu wake ukakaribia maji. Mmoja wetu alitaka kupanda, akiwafikiri watoto. Mwingine akasema kwa sababu ya watoto hao hao hapandi. Tulibishana kwa sauti ya chini, watu wasisikie. Mwishowe tulimwuliza nahodha. Akasema, “Bibi amesema kweli. Usiku upepo utalala kidogo.”

Saa tisa ya usiku akatuamsha. Upepo wa bara ulikuwa ukivuma polepole, akatweka. Penye mlango mawimbi yalitupanda, na sisi wawili tukakumba maji kwa makopo bila kupumzika, wala hatukusemezana neno, hata kulipopambazuka tukaona minazi ya Faza. Mashanta yetu yalilowa yote, na unga ukawa uji.

Kutoka Faza maji ni matulivu. Kesho yake tulifika Mkanda yakiwa yameanza kupwa. Nahodha na mpwa wake wakashika upondo, nasi tukahamia omo ili tezi lisiguse chini. Mara mbili liligusa. Jua lilikuwa likichwa tulipofunga gatini Lamu. Tukampa nahodha haki yake pamoja na siku mbili za kungoja, ambazo hakuziomba; akazihesabu, akampa mpwa wake sehemu, akageuza chombo akaondoka, apate kufika Matondoni kabla ya usiku kuingia.