Umeme wa Jua Katika Gari la Mjomba

Wanafunzi wengi wakisikia neno likizo hufikiri habari za usingizi na mpira tu. Sikatai kwamba vitu hivyo vyafaa. Lakini katika likizo ya Juni iliyopita nimeona kwamba kazi za nyumbani, zifanywazo Jumamosi na Jumapili, zaweza kumfundisha mtu mambo ambayo darasani huyaandika na kuyasahau. Basi nataka kuwaeleza wenzangu habari za kazi moja ya namna hiyo.

Mjomba wangu ni bwana mifugo aliyestaafu, naye akaa Dodoma. Tangu Jumatatu hata Ijumaa huzunguka katika vijiji vya Kongwa na Mpwapwa, akitibu na kuchanja mifugo ya watu. Gari lake ni basi dogo kuukuu. Ameng'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, rafu za dawa na jiko la gesi. Humo ndimo apikamo na kulala.

Taabu yake kubwa ilikuwa chanjo. Chanjo nyingi za mifugo sharti zihifadhiwe katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Yeye alizichukua katika sanduku la barafu, na siku ya tatu barafu ilikuwa maji. Ubaya ni kwamba chanjo iliyoharibika kwa joto mara nyingi haionyeshi alama yoyote. Mnyama huchanjwa bure, na mwenyewe hurudi nyumbani akidhani yu salama. Mara mbili mjomba alimwaga chupa zote akarudi mjini, huku watu wamekwisha kusanya kuku wao wakimngoja. Kwa hiyo aliazimu kununua friji ndogo ya volti 12, na kuiendesha kwa nguvu ya jua.

Jumamosi ya kwanza nilidhani tutakwenda dukani. Kumbe mjomba alinipa daftari na kalamu. "Mpwa wangu," akasema, "mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kitu kitakachokula umeme, na saa kitakazokula."

Tukaandika hivi. Friji hutumia wati 45 inapofanya kazi. Kwa kuwa hupumzika kila ipatapo baridi ya kutosha, tulikadiria saa 10 kwa siku, yaani wati-saa 450. Taa 3 za wati 5, kwa saa 4, ni wati-saa 60. Simu mbili tuliziwekea 30. Feni ya wati 15, kwa saa 6 za usiku, ni 90. Jumla ikawa 630. Kisha mjomba akataka na birika la umeme. Hapo nilikumbuka somo la Fizikia: wati ukizigawa kwa volti wapata ampea. Birika la wati 1,500 katika betri ya volti 12 lavuta ampea 125! Waya wake ungekuwa mnene kama kidole, tena ingehitajiwa inveta kubwa. Mjomba akacheka, akasema chai itabaki kwa jiko la gesi.

Jumapili tulipiga hesabu ya betri. Fedha zake zilitosha betri mbili za asidi za ampea-saa 100 kila moja, yaani wati-saa 2,400 kwa jumla. Lakini betri za namna hii zikizoea kutumiwa kupita nusu hufa mapema; basi twaweza kutegemea 1,200 tu. Nasi tulitaka akiba ya siku mbili, kwa ajili ya mawingu ya masika. Siku mbili za wati-saa 630 ni 1,260. Haikutosha! Tulitazamana kitambo. Mwishowe mjomba mwenyewe akaifuta feni kwa mkono wake, akasema kwamba yeye aweza kufungua dirisha, bali chanjo haziwezi. Jumla ikashuka hata 540, na siku mbili zikawa 1,080. Hapo betri zikatosha.

Elimu ya kugeuza mwanga kuwa umeme si ya jana. Mfaransa Edmond Becquerel aliiona ajabu hiyo mwaka 1839. Na mwaka 1954 wataalamu wa Bell Laboratories huko Marekani walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza kiasi cha asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Siku hizi paneli za kawaida hufikia asilimia 20 na zaidi. Hata hivyo paneli haitoi nguvu yake yote mchana kutwa. Sisi tulihesabu saa 5 tu za jua kali kwa siku. Wati-saa 540 kwa saa 5 ni wati 108. Nasi tulipoongeza kwa ajili ya vumbi, joto na hasara za njiani, tulipata kama wati 154. Paneli mbili za wati 100 zikatosha, na ziada kidogo.

Wiki iliyofuata palizuka ubishi. Mtu apendaye kulala garini hutafuta kivuli, na paneli hutafuta jua. Mjomba hupenda kusimama chini ya mbuyu, lakini kivuli cha tawi moja chaweza kupunguza sana nguvu ya paneli nzima. Tulipatana hivi: paneli moja ifungwe juu ya paa, na ya pili iwe huru, yenye waya mrefu, ili iwekwe juani wakati gari limo kivulini. Chini ya ile ya paani tuliacha nafasi ya vidole vitatu hewa ipite, kwa maana paneli ikipata joto jingi hutoa umeme pungufu. Betri tulizitia katika sanduku lenye tundu la kutolea hewa nje, mbali na kitanda, kwa kuwa zinapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka. Fyuzi tuliiweka karibu kabisa na betri, waya ukigusana usije ukachoma gari na mwenyewe ndani yake.

Jumatatu mjomba aliondoka. Alichukua daftari lile lile, na kila asubuhi na jioni aliandika kipimo cha joto la friji. Aliporudi Jumamosi nilimwamkia, nikaliomba daftari kabla hata hajaketi. Kipimo cha chini kilikuwa nyuzi 4, na cha juu 7. Hakumwaga chupa hata moja.

Wenzangu, huenda nyumbani kwenu hakuna gari la kulala wala chanjo. Lakini yako mambo mengine yanayongoja hesabu: taa ya kusomea, pampu ya bustani, banda la vifaranga. Kabla hamjamwomba mzazi fedha za kununua kitu, ketini naye Jumamosi moja kwa kalamu na karatasi. Huenda mkagundua kwamba kinachotakiwa ni kidogo kuliko mlivyodhani, au kwamba sharti kitu kimoja kiachwe ili kingine kipatikane. Kuchagua hivyo mapema, karatasini, ni rahisi. Kuchagua njiani usiku, betri ikiwa imekwisha, ni ghali.