Chumvi ya Subira

Hapa kwetu Kwale ukitaja neno "madini", watu hukumbuka mchanga wa titani uliochimbwa mpaka Desemba 2024. Mimi nikilisikia neno hilo huinamisha kichwa. Madini yangu yalikuwa ya kununuliwa dukani Ukunda, nami niliyala.

Kwetu ni nyuma ya Msambweni, penye minazi na udongo wa kichanga. Tuna ng'ombe mmoja tu wa maziwa, chotara wa Sahiwal na Ayrshire, jina lake Subira. Twamfuga bandani kwa majani ya nepia, pumba za mahindi na mashudu ya nazi. Maziwa yake twamuuzia mwenye mkahawa mmoja huko Diani, na pesa hizo ndizo zinilipiazo karo tangu kidato cha kwanza. Bibi husema mimi na ndama wa Subira tumenyonya ziwa moja.

Kila mwezi Baba alinipa pesa ninunue chumvi ya madini ya ng'ombe. Mwaka jana, Subira akiwa na mimba kubwa, tamaa ikaniingia. Nilinunua chumvi ya mawe ya kupikia kwa pesa kidogo, zilizobaki nikala chipsi na soda na wenzangu. Nikaimwaga chumvi ile katika kisanduku chake cha kulambia. Nani atajua? Nilifanya hivyo miezi mitatu. Subira akaanza kulamba ukuta na kutafuna mifupa. Siku moja akaitafuna ndara yangu, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe alikuwa akilalamika.

Alizaa salama usiku. Kesho yake jioni akaanguka, shingo ameipinda ubavuni, masikio baridi. Alilala juu ya samadi na mkojo, kiwele kimejaa pomoni. Daktari wa mifugo alikuja usiku huo, akamtia maji ya kalsiamu katika mshipa. Subira akasimama, tukashukuru Mungu. Lakini siku ya pili chuchu ya nyuma ya kulia ilikuwa imevimba na ina moto. Nilipomkama alinipiga teke, na yaliyotoka yalikuwa mabonge na majimaji ya manjano.

Bibi akasema, "Hili ni jicho!" Jirani yetu, ambaye sisi watoto twamwita Shangazi, alikuwa amepita juzi yake akasema, "Kiwele kikubwa hicho!" Basi ikawa ni yeye. Mama akaacha kumwamkia. Watoto wake wakakatazwa kuteka maji kwetu. Nami, wallahi, niliyajua ya chumvi lakini nikanyamaza kama maji mtungini.

Daktari aliporudi na bwana mifugo, huyo bwana mifugo alichovya kidole katika kile kisanduku, akaonja.

"Mwanangu, hii mwampa ng'ombe? Hii ni ya mchuzi."

Baba alinitazama. Machozi yakanitoka, nikasema yote mbele ya watu.

Hakunipiga. Bwana mifugo ndiye aliyenifundisha. Alisema kila lita ya maziwa hubeba zaidi ya gramu moja ya kalsiamu, na ng'ombe akizaa hutakiwa kuitoa kwa ghafla. Magnesiamu humsaidia kuichota katika mifupa yake. Zinki hutengeneza ngozi na kile kizibo cha ndani ya chuchu. Shaba na seleniamu huwapa nguvu walinzi wa damu wanaopigana na vijidudu. Chumvi ya jikoni haina hayo yote. "Lakini usidhani chumvi peke yake ndiyo iliyomwuguza," alisema. "Vijidudu vimetoka katika uchafu aliolalia, na katika mikono yenu. Chumvi humpa ng'ombe ngao, usafi huzuia mishale."

Chuchu ile ilitiwa dawa lakini haikupona. Kiwele kina vyumba vinne, sasa Subira ana vitatu. Maziwa ya siku za dawa yalimwagwa, kwani si halali kumwuzia mtu maziwa yenye dawa. Karo yangu ya muhula ule ilitoka kwa mbuzi wawili wa Mama.

Lililonishinda zaidi ni kwenda kwa Shangazi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akanipa mzigo wa nepia. "Mpelekee mgonjwa," akasema. Jioni ile Mama mwenyewe alikwenda kwake, na watoto wakarudi kuteka maji.

Sasa mimi ndiye mkamaji. Huosha mikono na chuchu kwa maji safi, hukausha kwa kitambaa, na mkamo wa kwanza huukamia kikombe cheusi nione kama kuna mabonge. Nikimaliza humpa majani papo hapo ili asimame kama nusu saa, maana tundu la chuchu halijajifunga. Na chumvi? Huinunua ya madini, na risiti humpa Baba mkononi bila ya kuulizwa.

Wenzangu mnaotumwa dukani, kabla ya kulaumu jicho la jirani, jipekueni mifuko. Wahenga hawakukosea waliponena: mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua kiwele.