Ufa wa pampu ya mama

Nilipotea kidogo, nilikuwa nyumbani Ruaha Mbuyuni. Mnaopita na basi mnapajua kwa mibuyu na vitunguu tu, kabla hamjapanda Kitonga.

Nikakuta pampu ya mama ya kumwagilia imepasuka. Bodi yake ni ya aluminiamu, na ufa umejificha kwenye kona, nyuma ya mguu wa kufungia bolti. Vitunguu vinanyauka, na ada yangu ndo imelala humo shambani!

Injinia mtarajiwa nikajifanya najua. Nikamwambia fundi achomelee palepale, tusipoteze muda kufungua. Akacheka. "Mwanangu, hii haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Usipoiona vizuri, inadondoka yote."

Darasani nilishakariri: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, ila ganda lake la oksaidi mpaka zaidi ya 2,000. Sikuwahi kujiuliza maana yake. Kumbe maana yake ni kusugua!

Tukafungua. Akapaka mafuta ya taa, akafuta, akapaka chaki. Ufa ukajichora, mrefu kuliko tulivyodhani. Akatoboa kitundu kila mwisho ili usiendelee. Nikasugua kwa brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka. Akapasha bodi nzima taratibu, ndo akachomelea. Kusafisha nusu siku, kuchomelea dakika chache.

Jioni maji yakapanda, kona kavu kabisa. Mama akanigeukia: "Huko chuo mnafundishwa kusugua?"

Sikuwa na jibu, jamani.