Ngalawa ya Babu

Arubaini ya babu ilipopita, Ami alinipigia simu kutoka Wingwi. Ngalawa ya marehemu imeoza tumbo, alisema, anataka kuipasua kuni. Nilimwomba anisubiri.

Babu aliichonga mwenyewe kwa gogo la mwembe. Utotoni nilidhani ngalawa ni kitu chetu tu, mpaka chuoni nilipoona picha ya mtumbwi wa Samoa: mwembamba, umetoa mirengu ubavuni, ndubi inaelea. Yao ina ndubi moja, yetu mbili. Nilicheka peke yangu darasani.

Nikaanza kusoma. Watu wa jamii moja ya lugha walitawanyika kwa vyombo kutoka Taiwan. Wengine walifika Samoa na Tonga yapata miaka 2,800 iliyopita. Wengine, baadaye sana, wakavuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska. "Mbili" kwa Kimalagasi ni *roa*. Kwa Kimaori, *rua*. Wataalamu wengi wanazihusisha ndubi zetu na safari hizo. Hata popo wa Pemba ana jamaa zake Madagaska, Asia na Samoa, lakini bara ya Afrika hana.

Na bara iko kilomita 50 tu. Ila mlango wa bahari ulio kati yetu una kina cha zaidi ya mita 500. Zama bahari ilipopungua, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa. Hapa hakuna aliyekuja kwa miguu. Walioishi Tumbe, jirani zetu, tangu karne ya 7, asili yao ni chombo.

Nilimweleza Ami yote hayo pwani, nikamsihi tuihifadhi ngalawa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya. Na hao wa Samoa, vyombo vyao vikioza wakivifanyaje?"

"Wakichonga vingine, Ami."

"Basi."

Akanipa tezo. Sikujua hata pa kuishika. Babu aliniita mara ngapi nikae nimtazame akichonga, nami kila mara nilikuwa na mtihani.

Tuliufungua mwili uliooza. Ndubi na mirengu bado mizima. Ami aliiegemeza ukutani. Nyuma ya nyumba kuna mwembe mwingine. Mwezi ujao narudi Wingwi, na safari hii nimeomba likizo ndefu.