Rangi Juu ya Glezi: Kazi ya Mrembaji wa Katoto

Rangi ya juu ya glezi ni unga wa oksidi za madini uliosagwa pamoja na kioo laini, kinachoyeyuka kwa joto dogo kuliko glezi yenyewe, yaani tabaka la kioo linalofunika chombo. Chombo huwa kimekwisha kuchomwa na kung'arishwa. Mrembaji hukichora kwa brashi, kisha hukirudisha tanurini, kwa kawaida kati ya nyuzi 700 na 850 za Selsiasi. Hapo glezi hulainika kidogo na rangi huishika.

Katoto, katika bonde la Lualaba, sanaa hii ni ngeni. Vyungu ambavyo Jean Hiernaux na wenzake walivifukua katika makaburi ya kale ya hapo mwishoni mwa miaka ya 1950 havina glezi. Nakshi zake zilichorwa katika udongo ungali mbichi. Mwandishi wa makala haya alianza na ufinyanzi wa aina hiyo kwa shangazi yake, ndipo akahamia kwenye sahani na vikombe vyeupe vya dukani. Mazoea ya udongo mbichi yalimchelewesha: udongo hunywa maji, glezi hainywi.

Kwa hiyo usafi hutangulia. Alama ya kidole tu, yenye mafuta ya ngozi, huifanya rangi ijikunje na kuacha doa tupu. Chombo hufutwa kwa spiriti na baada ya hapo hushikwa ukingoni. Rangi husagwa juu ya kioo kwa kisu kipana pamoja na tapentaini na mafuta mazito kidogo, au maji na gundi ya mgunga, hadi iteleze bila chembe. Brashi hupita mara moja. Ukiirudia rangi ikiwa imeanza kukauka, huinua tabaka la chini na kuacha mikwaruzo.

Kasoro nyingi huzaliwa kwenye brashi, ingawa lawama huangukia moto. Rangi nene hutoka malengelenge au hubanduka kama magamba. Dawa yake ni tabaka jembamba, lichomwe, ndipo lifuate la pili. Mafuta nayo yanahitaji njia ya kutokea: moto hupandishwa polepole, na tundu la tanuri huachwa wazi hadi karibu nyuzi 500. Chombo kilichotumika miaka mingi huficha unyevu ndani ya nyufa za glezi, na joto la ghafla hukitoboa vishimo. Hicho hukaushwa vizuri kwanza.

Tanuri la mkaa lina adui wake, moshi. Vyombo hufungiwa katika sanduku la udongo, hasa vyenye nyekundu au njano ya kadimiamu, ambazo hazitaki moshi wala kuchanganywa ovyo na rangi nyingine. Buluu ya kobalti huvumilia mengi. Rangi iliyotoka butu na kuchujuka ikisuguliwa haikuiva, na inaweza kurudishwa motoni. Nyekundu iliyokwisha kufifia kwa moto mkali hairudi, labda ipakwe upya.

Tanuri lisifunguliwe likiwa bado la moto, chombo kitapasuka. Na anayenunua rangi aulize kama ina risasi au kadimiamu: rangi hiyo isipakwe ndani ya sahani wala kwenye ukingo wa kikombe unaogusa mdomo.